Gia ya tano kwenye Mustang ya 1965 na 1966: hesabu na vipimo kabla ya spana

Mustang ya 1965 au 1966 yenye V8 ya 289 (inchi za ujazo) ilitoka kiwandani na gia tatu za mkono, gia nne za mkono, au otomatiki ya C4 yenye gia tatu. Katika zote hizo gia ya juu kabisa ni ya moja kwa moja: krenki ikizunguka mara moja, propela, ile shafti inayopeleka mwendo nyuma, nayo inazunguka mara moja. Kwa difu ya 3.50, yaani propela inazunguka mara 3.50 kwa kila mzunguko wa tairi, na tairi lenye mzingo wa mita 2.0, mwendo wa kilomita 110 kwa saa unaidai injini mizunguko 3,200 hivi kila dakika. Saa nzima ya mwendo huo ni kelele, joto na petroli inayoteketea bure.

Dawa yake ni ovadraivu, yaani gia ambayo injini inazunguka pungufu kuliko propela. Giaboksi iliyozoeleka zaidi kwa kazi hii ni T-5 ya Borg-Warner, ile iliyofungwa kwenye Mustang za V8 ya 5.0 katika miaka ya 1980 na mwanzo wa 1990. Ina gia tano. Ya nne ni 1.00, ya tano ni 0.68, yaani injini inazunguka mara 0.68 kwa kila mzunguko wa propela. Kasha lake ni la alumini, uzito wake ni kama kilo 34, na mkia wake unapokea yoki (kichwa cha propela kinachoingia kwenye giaboksi) yenye meno 28, sawa na zile za zamani za V8 ndogo.

Kwa maelezo hayo mtu hukimbilia kuitafuta giaboksi, akaipata, akaifunga, kisha akabaki na gari isiyotaka kwenda kwenye gia ya tano, au giaboksi inayolia baada ya miezi michache. Giaboksi yenyewe ndiyo sehemu rahisi ya kazi hii. Kinachoamua matokeo ni vitu viwili vilivyo nje yake: uwiano wa difu, na kunyooka kwa mstari unaotoka katikati ya krenki hadi kwenye giaboksi. Tuanze na difu, kwa sababu hiyo inamalizwa kwa kalamu na karatasi.

Difu kwanza

Mustang nyingi za 289 zilitoka na difu ndefu, yaani yenye namba ndogo, 2.80 au 3.00. Kiwanda kilichagua hivyo kwa sababu hapakuwa na gia ya kuipumzisha injini barabarani, kwa hiyo difu ndiyo iliyobeba jukumu hilo. Ukiiongezea gari kama hiyo gia ya tano ya 0.68, unazidisha namba mbili ambazo zote zinapunguza mizunguko. 3.00 mara 0.68 ni 2.04. Kwa tairi lile la mita 2.0, mwendo wa kilomita 100 kwa saa unaiweka injini kwenye mizunguko 1,700, na wa kilomita 80 kwenye 1,360. V8 ya kabureta haina nguvu ya maana hapo chini. Kilima kidogo tu, dereva anarudi gia ya nne, na gia ya tano aliyoigharamia inakaa bila kazi. Kwa difu ya 2.80 hali ni mbaya zaidi: kilomita 80 ni mizunguko 1,270, na injini inatetemeka na kugonga ukikanyaga mafuta.

Kwa 3.50 hesabu inageuka. 3.50 mara 0.68 ni 2.38, kilomita 100 kwa saa ni mizunguko 1,980, na kilomita 110 ni 2,180 hivi. Hapo 289 inapumua vizuri na bado ina akiba ya kupandia mlima. Difu ya 3.25 nayo inakubalika, ikitoa 2.21 kwenye gia ya tano.

Usiishie kwenye gia ya tano. Angalia na ya kwanza. T-5 za V8 za 1985 hadi 1993 zina gia ya kwanza ya 3.35. Ukiizidisha na 3.50 unapata 11.7, namba ambayo gari inaondoka kwa urahisi mno hata ikielekea mlimani, lakini unabadilisha kwenda ya pili karibu mara tu baada ya kuondoka. Giaboksi ya zamani ya gia nne, yenye ya kwanza ya 2.78 na difu ya 3.00, ilikuwa 8.3. Kwa matumizi ya barabarani, jumla iliyo kati ya 10 na 11 ndiyo inayofaa. 3.35 na difu ya 3.25 inatoa 10.9. Aina ya T-5Z, ambayo gia yake ya kwanza ni 2.95 na ya tano ni 0.63, ikiunganishwa na 3.50 inatoa 10.3 chini na 2.2 juu. Kwa maoni yetu huo ndio mpangilio bora kwa gari hili.

Jambo la kufurahisha ni kwamba difu ya inchi 8 iliyomo kwenye Mustang za V8 hutolewa nzima kutoka mbele. Unachomoa ekseli, unafungua nati zinazoizunguka, unaingiza nyingine yenye uwiano unaoutaka. Kwa hiyo bajeti ya kazi hii ihesabu difu tangu siku ya kwanza, isije ikaonekana kama nyongeza.

T-5 ipi

Jina ni moja lakini giaboksi ni nyingi. Soma namba iliyo kwenye kibati kidogo kilichoshikwa na bolti ya mkia. Inaanza na 1352, na tarakimu zinazofuata ndizo zinazokuambia ilitoka kwenye gari gani na ina uwiano gani. Bila kibati, zungusha shafti ya mbele kwa mkono gia moja baada ya nyingine na uhesabu mizunguko kwa shafti ya nyuma.

Zilizotoka kwenye magari ya silinda nne zina gia ya kwanza iliyo karibu na 4 na hazikujengwa kwa nguvu ya V8. Za Mustang za 1994 na 1995 zina shafti ya mbele ndefu zaidi, kwa hiyo haziingii kwenye vifaa vya zile za kabla yake bila mabadiliko. Za Camaro zina meno mengine, matundu mengine ya bolti, na hufungwa zikiwa zimelala upande. Unayoitaka ni ya Mustang ya V8 ya 1985 hadi 1993, au T-5Z.

Kuanzia 1985 Mustang za V8 zilipata toleo lililoboreshwa, lenye beringi za koni kwenye shafti ya chini na sinkronaiza, zile pete zinazolinganisha mwendo wa gia kabla hazijaingia, zilizobandikwa kitambaa cha msuguano. Ili kulitambua, tazama uso wa mbele wa kasha, chini ya shafti ya mbele. Ukiona pete ya chuma ya beringi, ni hilo. Ukiona kifuniko bapa, ni la zamani.

Kuhusu nguvu, T-5 za 1985 hadi 1989 zilipewa kikomo cha msokoto cha futi-pauni 265, sawa na nyutoni-mita 359. Za 1990 hadi 1993 ni 300, na T-5Z ni 330. Injini ya 289 ya kabureta ya midomo miwili ilitangazwa kuwa na futi-pauni 282, na ya midomo minne 305. Namba hizo za miaka ya 1960 zilipimwa injini ikiwa imevuliwa vifaa vinavyoinyonya nguvu, kwa hiyo kile kinachoifikia giaboksi ndani ya gari ni kidogo kuliko kilichoandikwa. Injini ya 289 isiyochokonolewa, tairi za kawaida na dereva asiyeachia klachi kwa ghafla, T-5 inatosha. Injini ikishajengwa upya kwa mashindano, tafuta giaboksi ya TKX ya Tremec, ambayo ni nzito na pana zaidi na itakulazimu kuliangalia handaki la sakafu kwa makini.

Kati ya injini na giaboksi

Sehemu hii ndiyo inayoharibu giaboksi nyingi, na ndiyo inayorukwa na wengi.

Kwanza hakikisha idadi ya bolti. Injini za V8 ndogo za Ford zilizotengenezwa kabla ya Agosti 1964 zinashika belihauzi, lile kasha linalofunika klachi, kwa bolti tano. Zilizofuata zinatumia sita, na matundu hayalingani. Mustang za mwanzo kabisa zimo kwenye kundi la bolti tano, na kwao vifaa ni haba.

Kwa injini ya bolti sita kuna njia mbili. Ya kwanza ni kubaki na belihauzi ya zamani ya giaboksi ya mkono na kuweka bamba la kuunganishia kati yake na T-5. Faida yake ni kwamba foku, ule uma unaosukuma beringi ya klachi, na vyuma vyote vya klachi vya gari vinabaki mahali pake. Ya pili ni kutumia belihauzi ya Mustang ya 5.0, ambayo inaipokea T-5 moja kwa moja, lakini foku yake ilitengenezwa kuvutwa na kebo. Gari la 1965 linasukuma foku kwa vyuma vinavyopitia mhimili unaozunguka kati ya injini na fremu. Kwa hiyo ukichagua njia ya pili, umejichagulia pia kebo au haidroliki.

Flaiwili, lile gurudumu zito nyuma ya krenki, iwe ya meno 157, na hapa kuna mtego mbaya. Injini za 289, na 302 hadi 1981, zimesawazishwa nje, kwa uzito uliowekwa kwenye flaiwili na mbele ya krenki, kwa aunsi-inchi 28. Kuanzia 1982 injini ya 302, ambayo ndiyo 5.0, ilibadilishwa kuwa 50. Anayenunua giaboksi ya 5.0 mara nyingi hupewa na flaiwili yake. Akiifunga kwenye 289, injini itatetemeka kila inapopandisha mizunguko, na mtetemo huo utaila krenki. Flaiwili ya meno 157 yenye aunsi-inchi 28 ndiyo sahihi. Bolti zake zikazwe kwa futi-pauni 75 hadi 85, yaani nyutoni-mita 102 hadi 115, kwa mpangilio wa kukingamana, na gundi ya nyuzi ipakwe kwa sababu matundu ya krenki hupitisha oili.

Sasa kipimo chenyewe. Shafti ya mbele ya giaboksi inashikwa sehemu mbili: nyuma na beringi yake ndani ya kasha, na mbele na bushi ndogo ya shaba iliyo katikati ya krenki. Tundu la belihauzi ndilo linaloamua giaboksi ikae wapi. Kama tundu hilo haliko katikati ya krenki, shafti inapinda kidogo kila inapozunguka. Dalili hujitokeza baadaye: gia ngumu kuingia, gia inayotoka yenyewe ukiachia mafuta, bushi iliyolika upande mmoja, beringi ya mbele inayolia. Watu husema giaboksi ni mbovu, wanaifungua, wanaitengeneza, na mpya nayo inakufa vilevile.

Fanya hivi. Safisha kutu na rangi kwenye uso wa bloku, rudisha lile bati jembamba linalokaa kati ya bloku na belihauzi, funga flaiwili bila klachi, kisha funga belihauzi pamoja na bamba la kuunganishia na ukaze bolti zote kama za kudumu. Bandika sumaku ya saa ya kupimia (kifaa kinachosoma tofauti ndogo sana) kwenye flaiwili, ncha ya sindano iguse ukuta wa ndani wa tundu. Toa plagi ili injini izunguke kwa urahisi, kisha uizungushe krenki kwa spana polepole duara zima. Andika namba ya juu na ya chini. Tofauti isizidi inchi 0.005, ambayo ni milimita 0.13.

Ikizidi, gawanya kwa mbili: hiyo ndiyo hitilafu halisi ya katikati. Tofauti ya inchi 0.014 maana yake tundu limehama inchi 0.007. Zinauzwa pini za kuongozea zilizopishwa kwa 0.007, 0.014 na 0.021. Chomoa pini mbili za kawaida kwenye bloku, ingiza zile zilizopishwa, zote zikielekea upande uleule, pima tena, zungusha kidogo, pima tena. Baada ya hapo hamishia ncha ya sindano kwenye uso bapa ambao giaboksi inaegemea na uzungushe tena, maana uso uliopinda nao unapindisha shafti. Kazi yote ni ya asubuhi moja, na bila saa hiyo hakuna jicho linaloweza kuona kosa la ukubwa huo.

Klachi

Pleti ya klachi iwe na meno 10 ya inchi 1 na 1/16. Kabla ya kuifunga, itelezeshe kwa mkono kwenye shafti ya giaboksi. Ikikwama nje, ndani itakwama zaidi. Upande wenye springi zilizotokeza uelekee giaboksi. Bushi ya krenki iwe mpya. Hata gari lililokuwa otomatiki linaihitaji, na mara nyingi tundu lake limejaa kutu na uchafu.

Angalia pia bomba la mbele ambalo beringi ya klachi inateleza juu yake. La asili kwenye T-5 nyingi ni la alumini na hulika makovu. La chuma ni bora, ila ukilibadilisha, shimu zilizo nyuma yake zipimwe upya, kwa sababu ndizo zinazobana beringi za ndani.

Wakati wa kuingiza giaboksi, iweke kwenye jeki na uisukume hadi iguse belihauzi kwa mkono. Ikibaki sentimita moja au mbili, usiivute kwa bolti. Pleti haijakaa katikati, na ukilazimisha utapasua masikio ya alumini au kupinda pleti. Rudi nyuma, panga pleti upya kwa kifaa chake. Wala usiiache giaboksi ining'inie kwenye shafti yake hata kwa dakika chache.

Pedali iwe na mchezo wa kama milimita 25 juu kabla beringi haijagusa vidole vya presha pleti.

Krosimemba, handaki na propela

Kishikio cha nyuma cha T-5 hakiko pale kilipokuwa cha giaboksi ya zamani, kwa hiyo krosimemba maalumu, ule mhimili wa chini unaobeba giaboksi, inahitajika. Chagua iliyoinuliwa pande zote mbili kama gari lina egzosi mbili. Handaki la sakafu kwa kawaida halihitaji kukatwa isipokuwa kingo za tundu la gia, na ni busara kulipima giaboksi ikiwa mahali pake, si kwa kubahatisha.

Propela ipimwe gari likiwa limesimama kwa uzito wake kwenye magurudumu, maana ekseli ikining'inia urefu hubadilika. Sukuma yoki ndani kabisa, irudishe nje milimita 20 hadi 25, kisha pima kutoka katikati ya krosi (kiungo cha propela) ya mbele hadi katikati ya ile ya nyuma. Nafasi hiyo ya yoki ndiyo inayolinda mkia wa giaboksi springi zinapobonyea.

Pembe nazo. Mstari wa giaboksi na mstari wa pinioni ya difu (gia ndogo inayozungushwa na propela) viwe sambamba, na kila krosi ifanye kazi kwa pembe ya kati ya nusu digrii na digrii 3. Chini ya nusu digrii beringi za krosi hazizunguki na hujichimbia mashimo. Juu ya 3 propela inatetema. Krosimemba ikikaa juu au chini kuliko ilivyopaswa, pembe zote zinahama, na kwenye springi za majani unasahihisha kwa kabari chini ya ekseli.

Kuna jambo moja linalowashangaza wengi hapa. Ovadraivu haipunguzi mwendo wa propela. Propela inafuata magurudumu na difu tu. Ukihama kutoka difu ya 2.80 kwenda 3.50, propela kwenye kilomita 110 kwa saa inapanda kutoka mizunguko 2,570 hadi 3,200, huku injini ikishuka hadi 2,180. Shafti ya zamani ambayo haikuwahi kulalamika inaanza kutetema, na lawama inaenda kwa giaboksi mpya. Ipeleke ikasawazishwe kabla ya kuifunga.

Spidi, umeme na oili

Kwa sababu hiyohiyo gia ya tano haiathiri kipima mwendo, kwani gia yake inazungushwa na shafti ya nyuma. Hesabu ni hii: meno ya gia iliyo kwenye shafti, mara uwiano wa difu, mara mizunguko ya tairi kwa maili, gawanya kwa 1,000. Tairi la mita 2.0 linazunguka mara 805 kwa maili. Kwa gia ya meno 7 na difu ya 3.50 unapata 19.7, kwa hiyo gia ndogo ya kebo iwe ya meno 20. Kwa difu ya 3.00, meno 17.

Gari lililokuwa otomatiki lina kazi ya ziada: mfumo wa pedali ubadilishwe, stata iwe ya giaboksi ya mkono, na nyaya za swichi ya usalama ya C4 ziunganishwe kupitia swichi ya pedali ya klachi, la sivyo gari halitawaka. Waya wa taa za rivasi uhamie kwenye swichi iliyo ubavuni mwa T-5.

Oili ni ya otomatiki, Dexron III au Mercon, takriban lita 2.7, mpaka ianze kuchuruzika kwenye tundu la kujazia gari likiwa limelala sawa. Oili nzito ya difu hapa ni sumu. Inazifanya sinkronaiza zishindwe kushika, na gia zinaingia kwa kukwaruza hasa asubuhi.

Kabla ya kushusha gari, washa injini, kanyaga klachi, hesabu hadi tano, weka rivasi. Rivasi ya T-5 za miaka hii haina sinkronaiza, kwa hiyo inasema ukweli: ikikwaruza baada ya muda huo, klachi haiachii kikamilifu, na mwendo wa foku urekebishwe sasa. Kilomita 800 za mwanzo ni za mjini, bila kuondoka kwa kishindo, ili klachi ikae.

Baada ya hapo sikiliza gia moja moja. Mlio uliopo kwenye gia zote isipokuwa ya nne unatoka kwenye beringi za shafti ya chini, kwa sababu ya nne inapita moja kwa moja bila kuibebesha mzigo. Mlio unaosikika gari limesimama na klachi imeachiwa, kisha unanyamaza ukikanyaga, kaanze nao kwenye beringi ya shafti ya mbele na kile kipimo cha tundu. Mlio wa gia ya tano peke yake unatoka nyuma ya kasha kuu, ambako meno ya gia hiyo yanakaa, na mara nyingi ni gari linalokanyagwa mafuta yote kwenye mizunguko 1,400 mlimani. Rudi ya nne mapema, na gia ya tano iachiwe barabara tambarare.